Kisu cha Mkono wa Kushoto

Watu wa mtaa wetu wana adabu, na adabu yao ndiyo iliyonifanya siku moja nitake kuvunja bakuli la kioo katika nyumba ya shughuli, mbele ya wanawake waliojaa mikekani. Sikulivunja. Hadi leo najuta kidogo.

Bakuli lenyewe nitalifikia. Kwanza mama.

Kwetu Mji wa Kale arusi haianzi na bibi arusi. Huanza na vitunguu. Siku moja kabla ya karamu, baada ya swala ya alasiri, wanawake wa ukoo na majirani hukusanyika uani kwa mwenye shughuli, kila mmoja na kisu chake mkobani, wakaketi mikekani kumenya na kukata magunia ya vitunguu yaliyoletwa kwa mkokoteni kutoka soko la Marikiti. Hapo ndipo watu huposa, huteta na hupatana. Mwanamke asiyeitwa kwenye vitunguu, hata akitumiwa kadi yenye maandishi ya dhahabu, ajue hakualikwa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akifungua vitunguu. Hakuna aliyegusa kisu kabla yake. Alikata kile cha kwanza, kikapitishwa mkono kwa mkono ili kila mtu auone unene, kisha wote wakaanza. Msidhani ni madaha. Vitunguu vya biriani havina mzaha: vikiwa vinene huku na vyembamba kule, hivi vyembamba huungua kabla vile havijageuka rangi, na sufuria nzima ikawa chungu. Mpishi alikuwa akija kuchungulia sinia la mama, akiitikia kwa kichwa na kurudi zake kwenye moto.

Na mimi nilikuwa mwonja chumvi wake. Tangu nikiwa mdogo, rojo likikaribia kuiva nyumbani, aliniita jikoni, akachota kidogo, akanidondoshea kiganjani. "Onja." Nililamba, nikasema imepungua au imetosha, naye akaniamini. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniamini upesi namna hiyo.

Miaka miwili iliyopita mama alipata kiharusi. Mguu ulirudi baada ya miezi, kwa msaada wa mkongojo. Ulimi ulirudi, tena mkali kuliko ulivyokuwa. Mkono wa kulia haukurudi. Umekaa mapajani mwake kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka.

Shughuli ya kwanza baada ya hapo, wakamwekea kiti. Kiti! Wenzake wote chini mikekani, magoti kwa magoti, leso zimefungwa viunoni, na mama yangu juu ya kiti cha plastiki karibu na feni, ameshikishwa soda yenye mrija. "Wewe pumzika, bibi yetu, ushafanya kazi muno." Mtu mwingine akafungua vitunguu, akavikata vinene kama vya kuku wa kuchoma. Mama alivitazama vikipitishwa mkono kwa mkono mbele ya magoti yake, na hakuna aliyemfikishia. Nilikuwa nimeketi pale pale nikimenya saumu, na mashavu yaliniwaka. Walitabasamu wote. Hilo ndilo lililonikera zaidi, yale matabasamu.

Nyumbani alijaribu peke yake. Lazima nieleze hapa, maana wasiojua jikoni mwetu hawataelewa. Sisi hatukati juu ya ubao. Tunakata mkononi: kitunguu mkono wa kushoto, kisu kidogo mkono wa kulia, makali yakivutwa kuelekea kidole gumba, na vipande vikianguka sufuriani vyenyewe. Mama hakuwahi kumiliki ubao. Aliwacheka wanaotumia ubao, alisema wanakata kama wanaopasua kuni. Basi mtu wa namna hiyo mnyang'anye mkono mmoja, umpe kitunguu. Nilimkuta siku moja sakafuni, kitunguu kimembiringikia chini ya friji, na kisu cha mezani kiko mkononi, akikipigapiga huko chini ili kitoke. Hakuwa analia. Alikuwa akikitukana kile kitunguu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nataka ijulikane kwamba mimi sikuwa mtoto mbaya. Nilirudi kuishi naye. Asubuhi, akishikilia lazima aniletee chai yeye mwenyewe kwa mkono wake mmoja, nilimwambia kwa upole, "Weka tu hapo mezani, mama, usijisumbue." Akininyoshea mkate, "Weka hapo tu, mama." Nilijiona nina subira kuliko ukoo mzima.

Basi nikaamua nitamtengenezea kisu.

Nafanya kazi Shimanzi, ofisi ya kampuni ya malori, kugonga mihuri na kubishana na madereva. Mchana ule sikubishana na mtu. Nilichukua karatasi ya mizigo iliyoharibika, nikaigeuza nyuma, nikachora. Kisu cha kawaida kina mpini nyuma na makali mbele, na hutaka mkono wa pili ukishike kile kinachokatwa. Nilitaka kisu kisichohitaji mkono wa pili. Kwa hivyo nikauondoa mpini nyuma, nikauweka juu, mgongoni mwa bamba, ili uzito wa mkono mzima ushuke moja kwa moja. Makali nikayapinda nusu mwezi, yasipige bali yayumbe, huku na huku, bila kuinuka. Na pembe moja ya huo mwezi nikaichongoa kama mdomo wa kasuku, ya kutobolea ganda la kitunguu na kulivuta. Kisha nikachora kibao kidogo chenye misumari mitatu iliyochomoza, ya kukidaka kitunguu kisikimbie chini ya friji.

Mfanyakazi mwenzangu, kijana wa bara aliye na bidii ya kuuliza, akachungulia. "Hiyo ni nini, ni silaha?"

"Ni mkono," nikamwambia, akaondoka.

Nyumbani nikakata umbo lile kwa boksi la biskuti, nikalishika, nikaliyumbisha juu ya meza. Likanikaa vizuri. Siku iliyofuata nikalipeleka pamoja na mchoro Majengo kwa fundi wa visu, mzee wa makamo mwenye banda la mabati, ambaye visu vyake wauza samaki wote huvisifu. Alinikaribisha kwa heshima, akalitazama boksi langu pande zote, akasema chuma cha msumeno wa zamani kitafaa, chembamba na kinashika makali. Nikampa pia, cha kutengenezea mpini, kipande cha mbao ya mbambakofi kilichobaki mlango wa nyumba yetu ulipotengenezwa. Akasema nije baada ya wiki.

Nikaja baada ya wiki. Akanikabidhi kisu kizuri sana, kinang'aa, kimenyooka kama rula, mpini nyuma, ncha mbele.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Nimekurekebishia, dada. Ule mchoro ulikuwa na makosa. Kisu chataka ncha."

Nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni. Nimewajua mafundi maisha yangu yote. Unampa fundi cherehani picha ya gauni, akakushonea gauni analolijua yeye. Unamwambia fundi rangi kijani, akakupakia bluu kwa sababu "kijani hakiwafai". Nikamwambia, "Fundi, mchoro ule haukuwa na makosa. Mama yangu hana mkono wa kulia. Kisu kama hicho chako kimeshamshinda kutumia, anavyo vitano kama hicho kabatini, na kila kimoja chamcheka."

Fundi akaliokota lile boksi la biskuti kutoka kwenye lundo la mkaa ambako alikuwa amelitupa, akalipangusa kwenye suruali. "Mbona hukusema ni cha mgonjwa?"

"Kwani asiye mgonjwa hutengenezewa anachotaka?"

Cha pili alikitengeneza sawasawa na mchoro. Nusu mwezi, mdomo wa kasuku, mpini juu, na kibao chake pembeni. Nilikifunga kwa leso na kumpelekea mama, nikakiweka kwenye meza na kile kibao cha misumari, nikarudi nyuma kidogo, nangoja kushukuriwa.

Mama akakishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake havikukutana upande wa pili wa mpini. Akayumbisha mara mbili. Makali yakateleza pembeni na kipande cha kitunguu kikatoka kinene upande mmoja na kama karatasi upande wa pili.

"Umepima mkono wa nani?" akauliza.

Nilikuwa nimepima mkono wangu. Mkono wangu mkubwa, niliorithi kwa baba, na tena ule wa kulia. Fundi naye alikuwa amenoa upande mmoja tu, kama anavyonoa visu vyote, kwa ajili ya wale wanaotumia kulia, na mimi sikuwa nimemwambia vingine kwa sababu sikuwa nimefikiria vingine. Nilikuwa nimemkasirikia fundi kwa kutouliza, nami nilikuwa nimeishi nyumba moja na mwenye kisu.

"Ungeniuliza," akasema mama. "Mimi niko hapa hapa siku zote. Nimeketi."

Nikampeleka mwenyewe Majengo, taratibu, akiegemea bega langu. Fundi alimpa kigoda, akamshikisha udongo wa kufinyangia apime ngumi yake, na wale wawili wakazungumza saa nzima habari za makali kama mimi sipo. Mama alitaka mwezi uwe bapa kidogo katikati. Alitaka mdomo wa kasuku uwe mfupi. "Huyu mwanangu hukata vitunguu akifikiri mambo mengine," akamwambia fundi, na wote wawili wakacheka. Nilikasirika, lakini kidogo.

Kisu cha tatu ndicho. Jioni ya kwanza alikata vitunguu vinne tusivyovihitaji. Vilitoka sawa, vyembamba, vikilala ubavu kwa ubavu, na mama alikiosha kisu mwenyewe, akakikausha, akakiweka ndani ya mkoba wake wa kutokea.

Mwezi mmoja baadaye shangazi yangu, dada yake baba, akaoza binti yake. Tangazo la vitunguu likaja kwenye simu yangu pamoja na maua na dua. Mama akaniambia, "Mwambie naja kukata." Nikamwambia shangazi kwa sauti ya furaha. Akajibu, "Ahlan, ahlan, nyumba ni yake." Mdomo wa shangazi haujawahi kukosa adabu.

Tulipofika, kiti cha plastiki kilikuwa tayari karibu na feni. Mama akakipita. Akashuka mkekani kwa kushikilia shingo yangu, akajikunjulia mguu mbovu, akaweka kibao mbele yake, akatoa kisu. Uwanja mzima ukaanza kusifu. Mashallah. Hebu tazama. Kisu gani hiki, kama mwezi wa Ramadhani. Wakakipitisha mkono kwa mkono kama vilivyokuwa vikipitishwa vitunguu vyake zamani, na mimi, mjinga, nilivimba kwa fahari. Mama akachukua kitunguu, akakichoma kwenye misumari, akaanza. Alikata sinia nusu kabla ya jirani yake kumaliza vitano.

Nilienda ndani kuchukua maji. Nikiwa mlangoni pa jiko nikamwona shangazi akija na sinia la mama. Masinia ya wengine yote yalikuwa yakimwagwa kwenye beseni kubwa la bluu, la mpishi. La mama hakulimwaga humo. Alivichota vitunguu vyake vyote, taratibu, asidondoshe hata kimoja, akavitia kwenye bakuli la kioo, akalifunika kwa sahani, akalisukuma chini ya meza, nyuma ya ndoo.

"Shangazi, hivyo vya nini?"

Akashtuka, kisha akatabasamu. Lile tabasamu. Akanivuta karibu. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Mimi nampenda mamako. Lakini watu hula kwa roho zao. Ni mkono wa kushoto, na mkono wenyewe ni huo mmoja, wajua wafanya kazi gani. Mtu akisikia, hatakula. Nitavitupa polepole baadaye, yeye hatajua."

Nilimwambia mama yangu hunawa kwa sabuni mara nyingi kuliko wote waliokuwa uani pale. Nilimwambia nilishamuuliza shekhe wa msikiti ulio jirani yetu, akanijibu kabla sijamaliza swali, kwamba mwenye udhuru hana lawama. Nilimwambia hiyo si dini, ni kinyaa alichokivika kilemba. Sauti ilinipanda. Nililishika lile bakuli nikalitoa chini ya meza, na nikiri, nililiinua juu, nikaitazama sakafu ya simenti.

"Lete hapa."

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama mwenyewe, ameegemea fremu, na nyuma yake uwanja wote umegeuka kusikiliza. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Nadhani kuanzia mwanzo.

"Wifi," akamwambia shangazi, "arusi yako iwe na baraka. Vitunguu hivi nitakwenda navyo, si vizuri kutupa neema." Akarudi mkekani. Mimi nikamwambia tuondoke. Akaniambia, "Keti. Kitunguu kilicho kwenye misumari sijakimaliza." Akakimaliza. Akakiosha kisu, akakikausha kwa ncha ya leso, tukaondoka.

Njia nzima nilisema mimi. Vichochoro vile havina upana wa hasira yangu, watu wakibandika migongo ukutani kunipisha. Niliwataja mmoja mmoja, wale wote waliokula biriani ya mama tangu zamani, walioponea supu yake walipojifungua, ambao leo wanaona kinyaa. Wanafiki. Nilisema sitawasalimia hata kwenye maziko. Nilisema mkono uliolea, mkono uliopika, mkono huu na ule. Mama alikuwa akitembea, anahesabu mawe kwa mkongojo, na mimi nikiwa nimekumbatia bakuli la watu.

Nyumbani aliingia jikoni moja kwa moja. Akavitia chumvi vile vitunguu, akavifinyafinya, akavisuuza, akakata nyanya mbili na pilipili kwa kisu chake, akakamua ndimu kwa kuibana kwenye kibao. Kachumbari. Mimi bado nimesimama mlangoni, bado nasema. Nilikuwa nimefika kwa shangazi tena, kwamba mtu mzima aliyehiji anawezaje kumwonea kinyaa wifi yake, mgonjwa, mke wa ndugu yake mwenyewe.

Mama akachota kidogo kwa vidole vyake vitatu, akaninyoshea. "Onja chumvi."

"Weka hapo tu, mama," nikasema, nikamsogezea sahani, nikaendelea, "na ile sauti yake ya asali, eti mwanangu, eti nampenda..."

Mkono wake haukuenda kwenye sahani. Ulibaki pale pale hewani, ukidondosha maji ya ndimu sakafuni.

"Shangazi yako alivitia kwenye bakuli," akasema mama. "Amefanya leo, mara moja, na ameona haya. Wewe waniambia niweke mezani miaka miwili sasa. Chai, weka mezani. Mkate, weka mezani. Nilifikiri huenda ukiniona na kisu hicho utasahau ni mkono gani."

Nilitaka kusema si hivyo. Nilitaka kusema nilikuwa namwonea huruma asijisumbue. Maneno yalikuwapo, mengi, hata yalikuwa ya kweli kidogo. Lakini nilikumbuka vikombe vyote vile mezani, na kwamba sikuwahi kukipokea hata kimoja mkononi mwake, na kwamba hata sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa nimetembea nusu ya Mji wa Kale nikiwatukana watu kwa jambo langu mwenyewe. Machozi yalinitoka, na sikuweza hata kuwasingizia vitunguu.

Nikanyosha mkono, nikakunjua kiganja mbele yake kama zamani.

Mama akakitazama. Kilikuwa na vumbi la kuta za vichochoro, na jasho, na wino wa muhuri wa ofisini.

"Nenda kanawe kwanza," akasema.